Shule yetu ndogo imeshuka kutoka asilimia 61 hadi 43: tuwalaumu walimu, fedha, au hesabu yenyewe?

Mzazi wa Chanika aliuliza:

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mzazi na pia mjumbe wa bodi ya shule ndogo ya sekondari isiyo ya serikali huku Chanika, Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa jambo lenyewe bado liko mezani. Tuna wanafunzi 142 kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, walimu 11 wa kuajiriwa, na wawili wa muda wanaokuja siku tatu kwa wiki. Ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu nne, na kama mnavyojua awamu ya nne huwa ni ya kubembelezana.

Mwaka juzi watahiniwa wetu wa kidato cha nne walikuwa 31, na 19 kati yao walipata daraja la kwanza hadi la tatu. Mwaka jana walikuwa 28, na waliofika madaraja hayo ni 12 tu. Kwa asilimia tumetoka 61 hadi 43. Kikao cha bodi kilichofuata kilikuwa cha moto: mwenyekiti aliinua karatasi ya matokeo juu kama mtu anayeonyesha noti bandia, na mwalimu wa taaluma, ambaye ni mtu mpole, alikaa muda wote akikunja na kukunjua pembe ya daftari lake bila kusema neno.

Katika kikao hicho, mjumbe mwenzetu aliyeishi Houston kwa miaka mingi alileta pendekezo. Alisema kwamba huko Marekani kuna shule za mkataba, ambazo wenyewe huziita chata, na kwamba baadhi yake ni wilaya ndogo kabisa za sekondari zenye wanafunzi mia chache, zinazojiendesha kwa fedha zinazomfuata mwanafunzi na zinazofungwa zikishindwa. Anataka tuandike barua serikalini tuombe ruzuku ya kila mwanafunzi kama wanavyopewa shule za serikali, na papo hapo tuufunge mshahara wa walimu kwenye asilimia ya ufaulu.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, kushuka huku kunatosha kuthibitisha kwamba walimu wamelegea? Pili, utaratibu huo wa fedha kumfuata mwanafunzi unaifaa shule yenye ukubwa wa yetu? Bodi inakaa tena baada ya wiki mbili na ningependa niende na hoja badala ya hasira.

---

Mwalimu Mstaafu (Temeke) alijibu:

Ndugu mzazi, nimefundisha miaka 34, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa mkuu wa shule, na karatasi kama hiyo ya mwenyekiti wako nimeinuliwa mbele ya uso mara nyingi. Nitajibu swali la kwanza tu, la pili nawaachia wenye utaalamu wa fedha.

Chukua sarafu ya shilingi mia uirushe mara 30. Unatarajia upande wa kichwa uonekane mara 15, lakini ukionekana mara 11 au 19 hakuna atakayesema sarafu imelegea. Watahiniwa 30 ni wachache kiasi hicho. Kwa shule ya ukubwa wenu mtahiniwa mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia tatu, kwa hiyo watoto watano wakiamka vibaya, au mmoja akifiwa na mama yake wiki ya mtihani na wengine wanne wakakosa swali lile lile, mmeshuka asilimia 17 na hakuna mwalimu aliyebadilika. Kwa idadi hiyo, tofauti ya pointi 18 kati ya mwaka na mwaka inaweza kuletwa na bahati tupu. Sisemi ndiyo iliyoileta, nasema karatasi peke yake haiwezi kukuambia.

Pia tazameni mstari wenyewe unapopita. Daraja la tatu linaishia pointi 25 na la nne linaanzia 26, zikihesabiwa kutoka masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Alama 45 ni C yenye pointi 3, alama 44 ni D yenye pointi 4. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kutoka kwenye hesabu ya "waliofaulu vizuri" kwa alama moja ya somo moja. Nakushauri uombe orodha ya pointi za kila mtahiniwa, uone ni wangapi walikwama kwenye 26 na 27. Nimewahi kuona darasa ambalo sita walikuwa wamerundikana hapo kama abiria kwenye mlango wa daladala, na bodi ikawaita walimu wazembe.

Wenye umri wangu mtakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Serikali ikaunda tume, na mwezi Mei mwaka huo ikaamua yachakatwe upya, watoto wale wale kwa karatasi zile zile, wengine wakapanda daraja. Baada ya hapo tukaingia kwenye mfumo wa wastani wa alama na muda si mrefu tukarudishwa kwenye madaraja. Mtu anayelinganisha asilimia za miaka bila kuuliza kanuni ilikuwa ipi anapima kitambaa kwa futi inayovutika.

Swali langu kwako: mwaka wa kabla ya huo wa 61 mlipata ngapi? Na wale 28, waliingia shuleni kwenu lini?

---

Mama Texas alijibu:

Shikamoo mwalimu, na habari zenu wote. Nilikaa Texas miaka tisa, na minne kati ya hiyo nilifanya kazi ofisini katika wilaya ndogo ya sekondari za mkataba, kwa hiyo ninaweza kueleza kilichomo ndani ya hilo pendekezo, maana mara nyingi kinachofika huku nyumbani ni nusu ya habari.

Shule hizi zilianzia jimbo la Minnesota, lililopitisha sheria mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata katika mji wa St. Paul. Texas ilipitisha sheria yake mwaka 1995. Ni shule za umma: hazitozi ada, hazichagui wanafunzi kwa mtihani, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa kura ya bahati nasibu. Zinaendeshwa na bodi binafsi chini ya mkataba na jimbo, na kule Texas mwenye mkataba huhesabiwa kama wilaya inayojitegemea hata akiwa na shule moja. Ndiyo maana unaweza kusikia "wilaya" ukadhani ni kama Ilala, kumbe ni jengo moja lililokuwa ghala la samani.

Kuhusu fedha, ukweli ni mgumu kuliko mjumbe wenu alivyousema. Texas hailipi kwa mwanafunzi aliyeandikishwa, hulipa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Mtoto akibaki nyumbani anaumwa, fedha yake ya siku hiyo inabaki nyumbani pamoja naye. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa hiyo: saa rasmi ya kuhesabu mahudhurio ikishapita, ninakaa na orodha ya majina na simu, nampigia mzazi mmoja baada ya mwingine, na mkurugenzi anapita nyuma ya kiti changu kuuliza "wangapi leo?" kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya dola. Shule ya wilaya ya kawaida ina kodi ya majengo na ardhi ya eneo lake. Ya mkataba haina mamlaka ya kutoza kodi hiyo, inategemea jimbo, na jengo inajitafutia yenyewe. Tena sheria ya jimbo ina nyongeza maalumu kwa wilaya ndogo za kawaida, kwa sababu watunga sheria wenyewe wanajua kwamba udogo una gharama yake.

Kuhusu kufungwa, ni kweli. Tangu 2013 sheria ya Texas inataka mkataba ufutwe ikiwa shule imeanguka miaka mitatu mfululizo kitaaluma au kifedha. Zingatieni hayo maneno: miaka mitatu, na fedha imewekwa sambamba na taaluma. Hakuna anayefungwa kwa mwaka mmoja mbaya. Na kikundi cha wanafunzi kikiwa kidogo sana, taarifa za umma huficha namba na kuweka alama ya nyota.

Je, zinafundisha vizuri zaidi? Kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kimelinganisha wanafunzi wa shule hizi na wenzao wa shule za kawaida mara tatu kwa upana wa nchi. Mwaka 2009 matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa: katika hisabati asilimia 17 ya shule za mkataba zilifanya vizuri zaidi, asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Mwaka 2013 hali ilikuwa karibu sawa kwa sawa. Mwaka 2023 wakapata faida kwa wastani, sawa na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hisabati kwa mwaka. Siku sita, ndugu zangu. Wastani huo nao unachanganya shule bora kabisa na shule ambazo mtu hawezi kumpeleka hata mtoto wa adui yake.

Jambo la mwisho, ambalo nadhani ndilo la msingi kwenu. Wilaya niliyofanyia kazi ilikuwa inapokea vijana walioacha shule kwingine: waliozaa, waliofanya kazi usiku, waliopungukiwa masomo yanayotakiwa ili kuhitimu kwa sababu ya kuhamahama. Ukitazama waliohitimu ndani ya miaka minne, tulionekana tumeshindwa kabisa. Ukitazama waliohitimu ndani ya mitano au sita, ambayo jimbo pia huitangaza, picha ilikuwa nyingine kabisa. Mwandishi wa habari aliyekuja mara moja alichukua namba ya miaka minne akaondoka.

---

Mhasibu wa Kigamboni alijibu:

Nimshukuru Mama Texas kwa sababu amenirahisishia. Ndugu mzazi, ninyi tayari mnaishi kwa utaratibu huo. Fedha yenu yote inamfuata mwanafunzi: akija imekuja, akihama imehama. Kinachowatofautisha na shule ya mkataba ni kwamba huyo wa Texas analipiwa na jimbo na wenu analipiwa na baba yake anayeuza vipuri mtaani Gerezani.

Tuhesabu. Wanafunzi 142 kwa ada ya 1,200,000 ni shilingi 170,400,000, endapo kila mmoja atalipa yote. Wakiondoka wanafunzi kumi mnapoteza milioni 12, ambayo kwa shule za aina yenu ni mshahara wa mwaka wa mwalimu mmoja pamoja na mchango wake wa NSSF, na chenji inabaki. Lakini hao kumi hawaondoki kutoka chumba kimoja. Wanaondoka wawili hapa, watatu pale, na madarasa yote manne yanabaki yakihitaji mwalimu wa kemia yule yule, umeme ule ule, mlinzi yule yule. Mapato yameshuka na gharama haikushuka hata senti. Shule ya wanafunzi 900 ikipoteza kumi haitambui.

Sasa tuje kwenye hiyo ruzuku mnayotaka kuiombea barua. Chini ya elimumsingi bila malipo iliyoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake, yaani 12,500, ndiyo inayopelekwa shuleni, nusu nyingine ikibaki kwa ajili ya vitabu. Zidisheni 12,500 kwa wanafunzi 142: mnapata 1,775,000 kwa mwaka. Hiyo ni ada ya mwanafunzi mmoja na nusu. Hata mkipewa yote 25,000 bado ni ada ya wanafunzi watatu. Mnataka kuandika barua, kufuatilia ofisi na kulipa nauli za wajumbe kwa ajili ya wanafunzi watatu?

Na hapa ndipo mjumbe wenu alipochanganya. Shule ya serikali haiendeshwi na ruzuku. Kilicho kikubwa ni mishahara, na mishahara inalipwa na Hazina moja kwa moja bila kujali darasa lina watoto 28 au 80. Shule ya kata ikipoteza wanafunzi hamsini, mwalimu wake wa historia anapokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida. Kwa hiyo mkisema "tupewe kama wanavyopewa wao", semeni ni kipi, kwa sababu chaki na karatasi za mitihani hazijawahi kuiokoa shule.

Kuhusu kufunga mshahara kwenye asilimia ya ufaulu: mwalimu mstaafu ameshawaonyesha kwamba asilimia hiyo inaweza kucheza pointi 18 yenyewe. Mtakuwa mnalipa bonasi mwaka wa bahati na kukata mwaka wa mkosi. Mwalimu mwenye akili ataondoka, au atawaambia watoto dhaifu wakajiandikishe kituo kingine. Sitaendelea hapo, wahusika tunajuana.

---

Bint Yombo alijibu:

Samahanini wakubwa zangu, lakini nimesoma sarafu na Stanford na Hazina, na sijaona mtu aliyeuliza kama watoto walifundishwa. Mwanangu alisoma shule ndogo kama hiyo, upande mwingine wa mji. Mwalimu wa fizikia alipata ajira ya serikali mwezi wa nne akaondoka, na hadi likizo ya mwezi wa sita hakuna aliyeingia darasani. Daftari la mwanangu la fizikia lina kurasa sita zilizoandikwa, zilizobaki nyeupe, na ninalo kabatini hadi leo. Matokeo yalipotoka mkuu wa shule alituambia kwamba "watahiniwa walikuwa wachache". Ni kweli walikuwa wachache. Na hawakufundishwa.

---

Mwalimu Mstaafu (Temeke) alijibu:

Mama, umenikamata mahali penyewe, na sina pa kupitia. Niliposema karatasi peke yake haisemi, nilipaswa kuongeza kwamba daftari la mwanafunzi na shajara ya somo vinasema. Ndugu mzazi, kabla ya kikao pitia shajara za masomo ya kidato cha nne wiki kwa wiki, uone ni vipindi vingapi viliandikwa na vingapi vilifundishwa. Kisha chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya hao 28, uyaweke kando ya matokeo yao ya kidato cha nne, jina kwa jina. Mtoto aliyeingia kidato cha tatu akiwa na D chache na F nyingi na kutoka na daraja la nne la pointi 27 ni kazi kubwa ya mwalimu, ingawa kwenye asilimia yenu hesabu yake ni sifuri.

---

Mzazi wa Chanika alijibu:

Nawashukuru wote, na wewe Bint Yombo zaidi. Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda shuleni, nikakaa na mwalimu wa taaluma kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri tukiwa na mafaili ya usajili, shajara, na lile daftari lake lililokunjika pembe.

Nianze na swali la mwalimu mstaafu. Mwaka uliotangulia ule wa 61 tulikuwa na watahiniwa 33, na 17 walipata daraja la kwanza hadi la tatu, yaani asilimia 52 hivi. Tukiunganisha miaka yote mitatu ni 48 kati ya 92, asilimia 52 vile vile. Kwa hiyo ule mwaka wa 61 tulioufanyia sherehe na kuuchapisha kwenye bango la barabarani huenda nao ulikuwa wa kubahatisha. Waliokwama kwenye pointi 26 na 27 mwaka jana ni watano.

Shajara zilikuwa nzuri isipokuwa fizikia, iliyokaa wiki saba bila mwalimu wa muda tuliyeshindwa kumlipa kwa wakati. Waliofanya fizikia ni saba tu, lakini hao saba walikuwa na haki ya kufundishwa, na hilo nitalisema kikaoni bila kuzunguka.

Kisha tukaja kwenye majina. Kati ya watahiniwa 28, tisa hawakuanza kwetu. Walihamia kidato cha tatu wakitoka shule nyingine, wengi baada ya kuambiwa wakariri darasa au wahame, na matokeo yao ya kidato cha pili yalikuwa ya chini mno. Tukiwatoa hao tisa, waliolelewa na shule yetu tangu kidato cha kwanza ni 19, na 11 kati yao walipata madaraja ya juu, ambayo ni asilimia 58. Kati ya wale tisa alifaulu kwa kiwango hicho mmoja. Mwaka wa 61 waliohamia walikuwa wawili tu.

Nikamuuliza mwalimu wa taaluma kwa nini aliwapokea wengi kiasi hicho kwa mkupuo, tena bila mtihani wa kuingilia. Hakujibu. Alinyanyuka, akafungua kabati, akanipa faili la mihtasari ya bodi. Katika kikao cha Januari ya mwaka ule tulikuwa tumepungukiwa fedha za kumalizia paa la maabara, na azimio la nne linasema nafasi zote zilizo wazi kidato cha tatu zijazwe kabla ya mwisho wa mwezi "ili kuimarisha mapato". Tisa kwa 1,200,000 ni milioni kumi na laki nane. Paa lilikamilika Machi.

Azimio hilo lilipendekezwa na mwenyekiti, likaungwa mkono na mjumbe wetu wa Houston. Sahihi ya tatu chini ya muhtasari ule ni yangu.